Nadharia za balagha na vita vilivyozizaa

Wanafunzi wengi wa lugha hapa Lindi wanakariri nadharia za balagha, yaani sanaa ya kuvuta watu kwa maneno, kama vile zilishuka zenyewe vitabuni. Nyingi zilitoka kwa watu waliotikiswa na vita.

Dhana: Nadharia za maana ni matunda ya utulivu wa vyuoni.

Ukweli: Tarehe 11 Novemba 1918, siku mapigano yaliposimama Ulaya, wanafunzi wa Cambridge walivamia na kuvunja duka la C. K. Ogden, mhariri wa jarida. Jarida lake lilikuwa likichapisha tafsiri za magazeti ya nje, hata ya upande wa adui. Usiku uleule Ogden na mwanazuoni mwenzake I. A. Richards walizungumza kwa muda mrefu juu ya maana ya maneno, na kitabu chao kikatoka 1923. Mwaka 1936 Richards akasema kazi ya balagha ni kuchunguza kutoelewana na tiba yake. Kwa aliyeishi miaka ile ya propaganda, swali hilo halikuwa la mtihani.

Dhana: Wapiganaji wa Maji Maji walipumbazwa na uganga tu.

Ukweli: Dhana hii inaniuma zaidi, maana inawadharau wazee wetu. Julai 1905 watu wa Nandete, Umatumbini, waling'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Kodi na viboko vilikuwa vimewachosha kabla ya maji ya dawa, yaliyoaminiwa kukinga risasi, kuja. Ujumbe wa Kinjikitile Ngwale, mganga aliyetoa maji hayo, ulipita kwa siri, mtu kwa mtu, ukawaunganisha watu wasio na mtawala mmoja.

Kenneth Burke, mwananadharia wa balagha wa Marekani aliyechambua kitabu cha Hitler mwaka 1939, alieleza baadaye kwamba msemaji humvuta msikilizaji kwa kumfanya ajione ni wamoja naye. Uchambuzi huo unafaa hata Umatumbini, lakini tofauti ni kubwa: Hitler aliwaunganisha watu kwa kuwasingizia Wayahudi, Kinjikitile aliwaunganisha watu waliochapwa kweli.

Dhana: FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji, walishika Kireno kwa kumhusudu mkoloni.

Ukweli: Kambini Nachingwea walikutana Wamakonde, Wamakua, Wanyanja na Wachangana. Kuchagua lugha ya kabila moja kungewagawa wapiganaji. Kiswahili kilisikika sana kwa wale wa kaskazini ya Msumbiji, ila waliotoka kusini yake wengi hawakukijua. Kireno hakikuwa cha kabila lolote kati yao.