Uigaji wa boksi la spika: kiungo kinachokosekana unapopiga gitaa kwa hedifoni

Uigaji wa boksi la spika ni kazi ya kuichuja sauti ya gitaa la umeme, kwa sakiti au kwa programu, ili isikike kama imetoka kwenye spika ya amplifaya ingawa spika yenyewe haipo. Mtu anayefanya mazoezi usiku katika chumba cha kupanga, ambako ukuta mmoja tu unamtenga na jirani anayeamka alfajiri, anauhitaji uigaji huu kuliko anavyohitaji hedifoni za bei kubwa.

Spika ya gitaa haitoi kila kinachoingia ndani yake. Ile iliyozoeleka ina upana wa inchi 12, na ukishapita hezi 5,000 hivi (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti) nguvu yake huporomoka, ilhali hedifoni hufika karibu hezi 20,000. Sauti inapokwaruzwa kwa makusudi, kama wafanyavyo wapigaji wa roki, kila noti huzaa juu yake sauti nyingine nyembamba, na nyingi kati ya hizo huangukia mahali ambapo spika ingezimeza. Hedifoni hazimezi kitu. Pitisha pedali ya mkwaruzo moja kwa moja hadi kwenye hedifoni, nawe utasikia nyuki waliofungiwa ndani ya kopo. Washa uigaji bila kugusa kitufe kingine chochote, na noti ileile itapata kifua. Kwa solo safi ya rumba kasoro hiyo hupungua, lakini pale kidole kinapokwanyua uzi mwembamba sikio bado huchomwa.

Wazo hili si geni. Mwaka 1982 kampuni ya Tom Scholz, mhandisi na mpiga gitaa wa bendi ya Boston ya Marekani, ilitoa Rockman, kifaa kidogo cha kubebwa mkandani kilichotengenezwa kwa ajili ya hedifoni, kikichuja sauti kwa sakiti tupu. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na faili ambalo wapigaji huliita IR, kifupi cha Kiingereza “impulse response”. Ili kulipata, fundi huweka maikrofoni mbele ya spika, hupitisha kwenye spika hiyo mlio unaopanda kutoka besi nzito hadi sauti nyembamba kabisa, kisha kompyuta hupiga hesabu ya namna spika ilivyoubadilisha mlio ule. Matokeo yake ni faili la WAV lenye urefu wa sehemu ndogo tu ya sekunde, na gitaa lolote likipitishwa humo hubeba tabia ya spika ile.

Faili hilo hubeba pia maikrofoni na mahali ilipowekwa. Maikrofoni ikielekezwa katikati ya koni, yaani ile karatasi ya spika inayotetemeka, sauti huwa kali. Ikisogezwa ukingoni, hupoa na kuwa nene, hata kama spika ni ileile. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, anayelalamika kwamba sauti yake inakwaruza masikio ajaribu kwanza kubadilisha IR, kabla hajahangaika na vitufe vya besi na trebo. Aangalie pia asichuje mara mbili: tundu la hedifoni la amplifaya nyingi za mazoezi tayari lina uigaji wake, na ukiongeza mwingine juu yake sauti huwa kama imefunikwa blanketi.

Mwenye amplifaya ya valvu, yaani inayokuza sauti kwa mirija ya kioo, asithubutu kuchomoa spika na kuendelea kupiga, kwa kuwa transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua; anahitaji kifaa cha kubeba mzigo wa umeme badala ya spika, ndipo uigaji ufuate. Hedifoni nazo ziwe za waya, kwa sababu Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kiasi cha kumpoteza mpigaji kwenye mapigo.

Hata hapo sauti inaweza kuonekana kavu, kwani maikrofoni ilisimama karibu kabisa na spika na haikusikia chumba. Ongeza mwangwi kidogo, hadi uhisi kwamba amplifaya imekaa hatua chache mbele yako badala ya kukaa katikati ya kichwa.