Katsudon ya chumba cha mahojiano

Watazamaji wengi wa tamthilia za zamani za upelelezi za Japani huamini kwamba polisi humnunulia mtuhumiwa katsudon, yaani bakuli la wali lililofunikwa nyama ya nguruwe ya kukaanga na yai. Naye akishaonja, hulia na kukiri. Onyesho hilo limezoeleka hadi kwenye vichekesho.

Kwa kweli, mlo ambao mpelelezi amemnunulia mtuhumiwa unaweza kuhesabiwa kuwa kishawishi. Kifungu cha 319 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya Japani hukataa ungamo lenye shaka kwamba halikutolewa kwa hiari, hivyo bakuli moja laweza kuivuruga kesi nzima. Aliye mahabusu hula cha mahabusu. Kifungu hicho kisome mwenyewe, tafsiri ya Kiingereza ipo bure mtandaoni; kisha rudia onyesho ukiangalia nani analipa.