Je, wajua kwa nini muziki wa KMRU hauna mdundo?

Mwekee mtu wa Lamu kipande cha mwanamuziki KMRU, na baada ya dakika tatu atauliza: mbona wimbo hauanzi? Swali ni la haki. Masikio yaliyolelewa na taarabu hungoja mwimbaji, hungoja kiitikio, hungoja mahali pa kuinuka na kutunza. Hapa mwimbaji hakuna, ngoma hakuna, na kipande kilichoipa jina albamu yake Peel ya mwaka 2020 chapita dakika 20. Wengi huzima. Mimi naona wanajinyima, maana watu wa mwambao wameandaliwa kuusikia muziki huu kuliko wanavyodhani.

KMRU ni Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi aliyehamia Berlin. Jina ni la babu yake, yule Joseph Kamaru wa nyimbo za Kikuyu, aliyefariki mwaka 2018. Babu alikuwa mtu wa maneno. Aliimba mapenzi, akaimba siasa, na mwanasiasa J.M. Kariuki alipouawa mwaka 1975 akamlilia kwa wimbo. Mjukuu ameyaweka maneno kando, lakini ndiye anayezitoa upya rekodi za mzee, na nadhani humo mna somo alilolibeba: sauti iliyonaswa ni amana, hurudiwa na kusikilizwa tena.

Kazi yake huanzia nje. Hutembea na kinasa sauti, akachukua sauti za mahali: ndege, barabara, watu wanaoongea kwa mbali. Kisha kwenye kompyuta sauti hizo hukatwa, hurefushwa, hupandanishwa tabaka juu ya tabaka, mpaka kinachobaki ni mvumo mrefu unaobadilika polepole. Jibu la swali letu liko hapa. Mdundo huugawa muda na kumshika msikilizaji mkono. KMRU anataka uisikie sauti yenyewe, imetoka wapi, iko karibu au mbali, ina nini ndani yake. Ngoma ikiingia, sikio huifuata na kuyaacha yote hayo.

Taksimu ni hivyo hivyo. Kabla wimbo wa taarabu haujashika mwendo, mpiga udi hupiga peke yake bila dumbaki, ile ngoma ndogo, akiitafuta taratibu makamu, yaani mpangilio wa noti ambao wimbo utaufuata. Lamu ndiko alikozaliwa Zein l'Abdin, bingwa wa udi. Hapa Lamu hakuna wa kumfunza mtu kusikiliza taksimu. Katika dakika zile hakuna anayeuliza ngoma iko wapi. Sisemi KMRU amejifunza kwenye taarabu. Nasema mlango wa kumfikia upo nyumbani.

Kazi yake inayonigusa zaidi ni Natur, ya mwaka 2024, kipande kimoja kirefu. Alipofika Berlin alishangazwa na ukimya wa mji ule, akilinganisha na Nairobi, ndipo akageukia sauti ambazo sikio halizifikii. Alitumia vinasa vya sumakuumeme. Ndani ya kinasa hicho mna koili ya waya. Uga wa sumaku ukibadilika karibu yake, mkondo mdogo wa umeme hupita, nao ukikuzwa huwa sauti. Simu, chaja, rauta, kila kimoja kina mlio wake.

Mlio mwingine wa umeme tunausikia bila kifaa, ila tumeuzoea. Stima za nyumbani, Kenya na Ujerumani vilevile, ni za hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na transfoma huvuma kwa hezi 100, kwa kuwa chuma chake hutanuka na kusinyaa mara mbili katika kila mzunguko. Vichochoro vya Mkomani, mtaa wa Lamu, havipitiki kwa gari, kwa hiyo usiku mvumo huo hauna cha kuufunika. Stima zikikatika ndipo unajua ulikuwapo.

Iko pia Temporary Stored ya mwaka 2022, iliyotokana na rekodi za zamani zilizohifadhiwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Ni sauti za Waafrika zilizokaa ugenini miaka mingi, na mwanamuziki wa Nairobi anazitia mkono zisikike upya. Hiyo isikilize baadaye, ukishamzoea.

Mgeni aanze na Peel. Vaa spika za masikioni, kwa sababu spika ya simu haitoi besi, na sehemu kubwa ya kazi yake imo kwenye besi. Sauti iwe ya wastani. Usiruke mbele kutafuta mahali inapochangamka, kwani mabadiliko yake ni madogo na huja moja moja. Ukiruka utayapita yote.