Saruji mlangoni haiongezi thamani ya nyumba ya Mji Mkongwe

Wengi wanaouza nyumba za kale Mji Mkongwe, Zanzibar, huamini kwamba sehemu ya kuingilia ikipigwa plasta mpya ya saruji na rangi ya mafuta inayong'aa, mnunuzi atavutika. Nia ni njema, ila kwa nyumba hizi ni hasara tupu.

Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hufyonza unyevu wa ardhini na kuutoa taratibu kupitia plasta ya chokaa. Saruji huuziba. Unyevu ukikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na masika yakipita rangi hubabuka. Mnunuzi anayezijua nyumba za pwani atapapasa ukuta pale pale mlangoni, na saruji mbichi itamtia shaka: kinafichwa nini?

Afadhali bandua plasta iliyooza, piga ya chokaa, malizia kwa chokaa nyeupe. Safisha baraza na uzibe nyufa zake.

Mlango wa nakshi nao usipakwe vanishi nzito, kwani hujaza michongo. Ondoa vumbi kwa brashi laini, kisha paka mafuta ya kitani kidogo kidogo. Kuung'oa na kuweka geti la chuma ni kosa kubwa zaidi. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na mabadiliko ya namna hiyo yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.