Beta-bloka ni dawa gani?

Mama mmoja anayeuza omena Kibuye, Kisumu, alinionyesha pakiti ya atenolol. "Mwanangu, hii ni ya presha ama ni ya moyo?" Jirani yake anaimeza kwa ajili ya presha, yeye ameandikiwa kwa sababu mapigo ya moyo wake yanarukaruka. Nikamwambia ni dawa ileile, kazi mbili.

Atenolol ni ya kundi la beta-bloka. Ukishtuka au ukikasirika, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Homoni hiyo ikishika vipokezi vya beta vya moyo, moyo huenda mbio na kusukuma damu kwa nguvu. Beta-bloka huwahi nafasi hizo, kama abiria wanaojaza viti vya matatu mapema: adrenalini ikifika, inakosa pa kukaa. Moyo hutulia, presha nayo hushuka.

Propranolol, beta-bloka iliyotangulia kutumika sana, ilitokana na kazi ya Mskoti James Black miaka ya 1960. Alikuwa akitafutia nafuu maumivu ya kifua. Mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobel. Siku hizi, kwa presha peke yake, madaktari wengi huanza na dawa nyingine kama amlodipine.

Kwa moyo unaopiga ovyo, beta-bloka hupunguza kasi, lakini haizuii damu kuganda ndani ya moyo. Ndiyo maana wagonjwa wengine, wakiwemo wengi ambao valvu (vilango vya damu) za moyo wao ziliharibiwa na homa ya rumatiki utotoni, hupewa pia warfarin. Tafadhali msiihesabu kuwa ya ziada: ndiyo inayowakinga na kiharusi.

Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kumeza, maana inaweza kubana kifua. Mwenye kisukari naye ajue kwamba sukari ikishuka, huenda asisikie moyo ukidunda, lakini jasho bado linaweza kumtahadharisha.

Kinachoniuma ni wanaoacha ghafla kwa kuwa wamepata nafuu, au pesa zimekata. Vipokezi vikizibwa muda mrefu, mwili huongeza vingine. Dawa ikikatika, adrenalini hukuta viti vitupu tele: moyo hukimbia, presha hupanda, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata shambulio la moyo. Kuacha ni kwa kupunguziwa na daktari, kidogo kidogo.

Pakiti ya yule mama ilikuwa na vidonge vinne tu. Nikamwomba apitie duka la dawa jioni ileile.