Maji ya Kayabwe Huzungushwa na Nani?

Msafiri anayetoka Kampala kwenda Masaka hupita Kayabwe, mahali ambapo Ikweta inakata barabara, penye zile pete mbili nyeupe za zege ambamo watu hupenda kupigia picha. Mara nyingi utamkuta hapo kijana mwenye mabeseni yenye tundu katikati, jagi la maji na ua dogo. Anasogea hatua chache upande wa kaskazini, anamimina maji, anaelesha ua, na ua linazunguka kufuata mwendo wa mishale ya saa. Akihamia kusini, linazunguka kinyume chake. Juu ya mstari wenyewe maji yanashuka moja kwa moja bila kuzunguka. Watazamaji wanapiga makofi, na maelezo wanayopewa ni kwamba dunia ndiyo iliyoyazungusha maji hayo.

Sisi tunaofundisha taaluma ya mitiririko ya maji na hewa huulizwa mara kwa mara kama jambo hilo ni kweli. Hesabu yake si ngumu. Mtu aliyesimama kwenye ncha ya kaskazini ya dunia huzungushwa papo hapo aliposimama mara moja kila siku, lakini kadiri anavyoikaribia Ikweta ndivyo mzunguko huo wa papo hapo unavyopungua, hadi kufikia sifuri juu ya mstari. Kampala, iliyo karibu sana na Ikweta, hukamilisha mzunguko mmoja wa namna hiyo kwa siku zipatazo 165. Beseni lililowekwa mita 20 tu kutoka mstarini lingehitaji miaka zaidi ya 800. Maji yake yanaisha kwa muda usiofika dakika moja, kwa hiyo dunia haina nafasi ya kuonekana ndani yake.

Basi mzunguko unatoka wapi? Unatoka mkononi mwa aliyemimina. Maji yakimiminwa karibu na ukingo wa beseni, au mwenye beseni akigeuza mwili kidogo anapoliweka, maji hupata mwendo wa kuzunguka ulio mdogo mno kuonekana kwa macho. Yanapovutwa kuelekea tundu, kila tone husogea karibu zaidi na kitovu, na kasi yake huongezeka kwa kadiri umbali unavyopungua. Chukua maji yaliyo sentimita 15 kutoka katikati, yanayozunguka mara moja kwa dakika 10, mwendo ambao hakuna jicho litakaloutambua. Yakifika sentimita 1 kutoka katikati, na tukiacha kando msuguano, yatakuwa yanazunguka mara 225 upesi zaidi, yaani mara moja kwa sekunde zisizofika 3. Msokoto wa namna hii ndio wataalamu huuita vorteksi, nayo haizaliwi kutokana na utupu: hukusanya mzunguko uliokwisha kuwamo na kuubana mahali padogo. Misingi ya kihesabu ya jambo hili iliwekwa na mwanafizikia Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1858.

Siwaiti vijana wa Kayabwe walaghai. Wengi wao wanaamini wanachokieleza, na anayemimina maji kwa mazoea huenda hajui mkono wake unafanya nini. Lakini kuna kichekesho kidogo. Mwaka 1962 Ascher Shapiro, mhandisi wa Marekani, alijaza maji katika tangi lenye upana wa karibu mita 1.8, akayaacha yatulie kwa saa 24, kisha akafungua tundu dogo kwa uangalifu mkubwa. Huko, mbali sana kaskazini mwa Ikweta, athari ya dunia ilionekana kweli, na maji yalizunguka kinyume cha mishale ya saa. Mwaka 1965 wenzake walipolirudia jaribio hilo Sydney, Australia, maji yalikwenda upande wa pili. Mielekeo hiyo yote miwili ni kinyume cha ile ambayo watalii wetu huonyeshwa.

Kwenye mabwawa ya umeme suala hili si mchezo tena. Mto Nile unazungusha mitambo yetu tangu stesheni ya umeme ya Nalubaale, nchini Uganda, ilipofunguliwa mwaka 1954 hadi ile ya Karuma yenye uwezo wa megawati 600, na katika bwawa lolote mhandisi hujiuliza maji yanaufikiaje mdomo wa kuingilia. Yakija kwa upande, kwa sababu ya umbo la ukingo au kwa sababu magugu maji yameziba sehemu ya wavu, tayari yana mzunguko. Kwanza utaona kishimo kidogo juu ya maji. Kishimo huota mkia unaoshuka, na mkia ukifika mdomoni, hewa na takataka huvutwa ndani. Turbini, yaani mtambo unaozungushwa na maji, hutetemeka na umeme hupungua. Dawa yake ni kuuweka mdomo chini zaidi, kujenga kuta za kunyoosha mkondo, na kujaribu umbo lote kwa mfano mdogo kabla ya kumwaga zege. Hata baada ya turbini, maji yanayotoka yakiwa bado yanazunguka yanaweza kusokotana kama kamba ndani ya bomba la kutolea maji. Katikati ya kamba hiyo kani ya mgandamizo hushuka sana, viputo vya mvuke hutokea, na vinapopasuka karibu na chuma hukichimba vijitundu.

Tuje ziwani. Vimbunga vikubwa vya bahari huhitaji bahari yenye joto pamoja na mzunguko wa dunia, ndiyo maana Hidaya ilifika pwani ya Tanzania mwezi Mei 2024 ilhali Uganda haipatwi na vimbunga vya aina hiyo. Lakini minara ya maji, yaani nguzo za hewa inayozunguka kati ya wingu na maji, inayoonekana Ziwa Victoria ni midogo na haiisubiri dunia. Pepo mbili zinapokutana juu ya maji huacha mzunguko hafifu. Hewa inayopanda chini ya wingu huuvuta na kuubana, kama tundu la beseni lililopinduliwa. Ule mnara wa kijivu anaouona mvuvi kwa sehemu kubwa ni matone ya wingu, wala si maji ya ziwa yaliyonyonywa. Hatari yake iko chini, pale ambapo duara la rasharasha linachemka juu ya uso wa ziwa, na upepo wa hapo unaweza kupindua mtumbwi kabla nguzo yenyewe haijakamilika kuonekana.