Hadithi haiji kwa kukesha

Hapa Moshi, ukijitambulisha kuwa mwandishi, swali la kwanza ni: "Huwa unakesha mpaka saa ngapi?" Watu wanaamini hadithi nzuri hutoka usiku wa manane, kikombe cha kahawa pembeni. Nami niliamini hivyo, tena kahawa yenyewe inalimwa hapo juu tu, Kibosho na Marangu.

Lakini kafeini, ile kemikali ya kahawa inayokuweka macho, haikuongezei nguvu. Ubongoni kuna kemikali iitwayo adenosini, hujikusanya kadiri unavyokaa macho na ndiyo inayokuletea usingizi. Kafeini huiziba njia. Uchovu unabaki palepale, umefichwa tu. Tena kwa mtu mzima, baada ya saa tano hivi karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kikombe cha saa kumi na mbili jioni unalala nacho. Na usingizi ndio wakati ubongo unapoyapanga ya mchana. Mimi nilipokesha, asubuhi nilifuta karibu yote.

Siku hizi naandika alfajiri, kurasa mbili, basi. Kahawa ya mwisho ni saa nane mchana. Wenzangu wa kijiweni wanasema nimezeeka.